Baba Mdogo na Nyama Iliyolala

Temeke mtu haagizi nyama akiwa amekaa. Unafika baa, unawaachia wenzako meza, unakwenda mwenyewe mpaka kwenye kioo cha bucha na kunyoosha kidole. "Hapo kwenye mbavu. Shuka kidogo. Huo mfupa toa." Nyama inapimwa, unabishana na mshale wa mizani, kisha unamfuata mchomaji mpaka jikoni kuhakikisha kilo yako haikutani na ya meza ya jirani. Ndipo unakaa. Kuanzia Mbagala Rangi Tatu mpaka Mwananyamala huko Kinondoni, utaratibu ni huo huo, na mgeni anayeketi tu kusubiri kuletewa huletewa shingo.

Baba mdogo ameishi upande wa pili wa kioo hicho, Tandika, karibu maisha yake yote ya ukubwani. Siku hizi bucha anaendesha mwanawe, ila yeye bado hufika alfajiri "kusalimia", yaani kukagua. Sasa binti yake, yaani mdogo wangu, alipohitimu chuo Johannesburg, nikasafiri na mzee kwenda kwenye mahafali, na mkwe wake, kijana mwenye adabu na mshahara, akatangaza kwamba usiku wa sherehe anatupeleka kula steki.

"Steki?" Baba mdogo aliniuliza pembeni. Tandika, steki ni nyama isiyo na mfupa, inayoning'inia karibu na mchanganyiko na kuuzwa ghali kidogo kuliko huo. "Mtu anipandishe ndege aje kunilisha steki?"

Lakini mkwe ni mkwe. Mbele yake Baba mdogo hakohoi bila sababu, kwa hiyo akavaa koti, akanyamaza.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na tumaini la ziada, nalo ni Kiingereza. Cha Baba mdogo kinaishia kwenye salamu. Tulipiga hesabu kwamba maswali yake yote yatapitia kwetu, nasi tutayachuja kwa hekima. Mgahawa ulikuwa na mwanga hafifu, viti vya ngozi na visu vilivyopangwa kwa ukubwa. Mhudumu akafika, akasikia tunavyonong'ona, akachanua uso.

"Karibuni, papa! Miye niko wa Lubumbashi."

Baba mdogo akajiweka sawa kwenye kiti. Mdogo wangu akafumba macho.

"Mwanangu," alianza, "huyu ng'ombe kachinjwa lini?"

Kijana alifurahi, inaonekana ni swali analolipenda. "Papa, hii nyama iko na siku makumi mbili na munane."

Siku 28. Baba mdogo aligeuza shingo kutazama kama mkwe amesikia, kisha akamvuta kijana karibu na kushusha sauti kabisa, ya mtu anayetaka kumwokoa mwenzake asifungwe.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Iko yaandikwa, papa." Akamwonyesha kwenye orodha ya vyakula. Iliandikwa kweli, kwa herufi nene, karibu na bei.

Lazima nimtetee mzee hapa. Ng'ombe wa Dar es Salaam amezaliwa Shinyanga au Tabora au huko huko kwenye mapito, ametembea kutafuta malisho maisha yake yote, akapanda lori mpaka mnada wa Pugu, akachinjwa usiku Vingunguti, na alfajiri yuko buchani. Jua likipanda, kila saa inakula faida. Jioni kilichobaki kinachukuliwa na muuza mishikaki, na mteja akiuliza, jibu ni moja: ya leo. Nyama iliyolala ni siri ya familia. Mtu akionekana nayo, jirani yake wa bucha ndiye wa kwanza kumwambia bwana afya. Halafu umkute mzungu ameilaza wiki nne, na kwa ajili hiyo hiyo ameiongezea bei!

Kijana wa Lubumbashi alieleza vizuri, lazima nikiri. Nyama inawekwa kwenye ubaridi wa nyuzi sifuri mpaka nne, haigandi, na vimeng'enya vyake yenyewe vinaanza kulegeza nyuzi taratibu, ndiyo maana inakatika bila kugombana na meno. Tena ng'ombe wengi wa Afrika Kusini humalizia uhai kwenye mazizi ya kunenepeshea, wakila mahindi wamesimama. "Kwa hiyo hakutembea, na bado mnampumzisha," alisema Baba mdogo. Hatukujua kama ni sifa au shutuma.

Akahamia kwenye uzito. Orodha ilisema gramu 300, na rand zake nilizipigia hesabu chini ya meza nikaona zinatosha zaidi ya kilo mbili Tandika, na mkaa ukiwemo.

"Gramu hizi ni kabla ya moto au baada?"

"Mbele ya moto, papa."

"Basi ilete niione mbichi. Na mizani."

Mdogo wangu alimkanyaga mguu, ila ule aliokanyaga ni wa mumewe, ambaye alitabasamu kwa heshima na kuagiza soda nyingine. Mizani haikuja. Baba mdogo alitaka kujua kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, au chochote walichonacho huko cha kufanana nayo, na akajibiwa kwamba wateja hawajawahi kuuliza.

Michuzi ilipita haraka, ingawa mmoja ni maarufu kwenye migahawa ya huko na jina lake linataja tezi za nyani. Ndani yake hamna nyani wala tezi; ni nyanya, vitunguu, chatne na sosi. "Sisi tungefungiwa bucha," alisema, akaomba ndimu, chumvi na pilipili mbuzi.

Kisha likaja swali la kuiva. Kuna nyama ya kuonyeshwa moto tu, kuna ya nusu, kuna ya kati, kuna iliyoiva. Baba mdogo alisikiliza madaraja yote, akasema, "Iive." Kijana akamwonyesha kwa aibu maandishi madogo: ukiagiza iliyoiva kabisa, mgahawa hauwajibiki. Mzee alicheka mpaka meza ya pili ikageuka. Amewahi kulaumiwa kwa mfupa, kwa mafuta, kwa mabadiliko ya bei, hata kwa harusi iliyonyeshewa mvua. Kwa nyama kuiva, kamwe.

Ya mkwe ilikuja ya kati, na alipoikata ikatoka majimaji mekundu mpaka kwenye viazi. Mimi na mdogo wangu tuliangaliana, maana damu ni haramu na mkwe ni wetu. Cha ajabu, aliyemtetea ni Baba mdogo. "Hiyo si damu," alisema, mara ya kwanza usiku ule akimtazama mkwe usoni. "Damu ilibaki machinjioni. Haya ni maji ya nyama yenye rangi yake." Na ni kweli, wekundu ule ni wa mayoglobini, protini ya kwenye misuli. Mkwe akapumua, akatia kipande cha kwanza mdomoni.

"Mimi ninachoogopa ni tegu," mzee akaendelea.

Akaeleza kwa utulivu jinsi mkaguzi wa nyama anavyopasua misuli ya taya na moyo wa ng'ombe kutafuta vile vifuko vyeupe vya minyoo, vidogo, mfano wa punje ya njegere. Akaonyesha ukubwa kwa vidole. Mkwe aliacha kutafuna lakini hakumeza, na kwa adabu aliyolelewa nayo alibaki hivyo hivyo, shavu limevimba, mpaka hadithi ikaisha.

Meneja alikuja wakati huo, uso wa msiba, akiwa ameshaambiwa kwamba meza ile ina mzee mwenye maswali. Aliomba radhi kwa mengi ambayo hatukuyajua na akaiondoa nyama ya Baba mdogo kwenye bili. Kijana wa Lubumbashi akatafsiri. Baba mdogo aliumia kwelikweli.

"Mwambie sijalalamika. Siku nikilalamika atajua." Kwake, mteja asiyeuliza ndiye mwenye dharau, anayekuhoji amekuona wewe ni fundi.

Nairobi wangemwelewa. Mgahawa wa Carnivore, uliofunguliwa 1980, unapitisha nyama mezani kwenye mapanga ya Kimasai na kukukatia ukiona, mpaka wewe mwenyewe ushushe kibendera cha mezani kukubali umeshindwa. Zamani hata pundamilia alikuwamo, kabla Kenya haijapiga marufuku biashara ya nyamapori 2004. Siku hizi kuna mamba wa kufugwa. Baba mdogo angeshusha kibendera keshokutwa.

Tulipokuwa tunatoka ndipo alipoliona kabati la kioo ukutani, lenye taa na ubaridi, na ndani yake mapande ya mgongo yamening'inia, yamekauka na kuwa meusi kwa nje. "Si bucha hili hapa!" alisema kwa sauti ya mtu aliyeonana na nduguye kituo cha basi. Akanyoosha kidole. "Nikatie hapo, kwenye sarara." Kijana akamwambia hizo bado, mpaka wiki ijayo. Mzee alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, tukiwa tumeshafika kwenye gari.

Baada ya Baba mdogo kurudi Temeke, mama mdogo alinipigia simu kuulizia mfuko uliofungwa mara tatu aliouona nyuma kabisa ndani ya friji, umeandikwa tarehe kwa kalamu ya bucha. Nikasema sijui. Siku ya tisa umeme ulikatika usiku kucha, na asubuhi majirani wakaanza kuulizana kama kuna mtu amefiwa na paka. Mama mdogo aliutoa mfuko ule nje kwa kijiti, akautupa, akaosha friji kwa jiki, akaiosha tena.

Baba mdogo hakubishana naye. Jioni ile ile alinipigia, akaulizia watoto, akaulizia kazi, halafu akataka kujua kama huku kwangu umeme unakatika sana.