Bunduki Ina Stara Yake

Polisi wa Marekani akiokota bunduki penye mauaji na kutaka kujua nani aliinunua, ombi lake hupelekwa Martinsburg, West Virginia. Huko, katika nchi iliyoizaa Google, watumishi wa serikali hufunua kumbukumbu za maduka yaliyofungwa ukurasa kwa ukurasa, kama makarani wa posta enzi za mkoloni. Maboksi yalijaa hadi mengine yakahamishiwa kwenye makontena nje. Si umaskini huo. Sheria ya 1986 inakataza daftari la taifa la wamiliki wa bunduki, na Bunge limekataza hata kompyuta isitafute kumbukumbu hizo kwa jina la mnunuzi. Ndugu mwenye bunduki ana haya, asichunguliwe.

NRA, chama cha wenye bunduki, kimewalea wabunge wakaleleka. Desemba 2012 watoto 20 wa darasa la kwanza na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Aprili iliyofuata Seneti ikaulizwa: je, anayenunua kwenye maonyesho ya bunduki au mtandaoni naye akaguliwe rekodi yake kwanza? Maseneta 54 wakaunga mkono, 46 wakapinga. Wakashinda wale 46, maana zilihitajika kura 60. (Demokrasia ni yao, na hesabu ni zao.)

Msidhani hawajali usalama wa watoto. Yai la chokoleti la Kinder, lile lenye kidude cha kuchezea ndani, ni marufuku kuuzwa nchini humo. Mtoto anaweza kupaliwa.