Kanuni ya Bei na Haki ya Shemegi

Mfanyabiashara mmoja wa Chake Chake, Pemba, alipoona wenziwe wa Unguja wameacha daftari, naye aliinunua programu ya duka, akakesha akiipangia kanuni: mche wa sabuni ununuliwao kwa sh. 2,000 utiwe faida asilimia 10, kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Zanzibar ni asilimia 15, bei ije sh. 2,530, na mashine iikamilishe hadi 2,550, kwa kuwa sarafu ndogo ipitayo mikononi ni ya 50. Hesabu safi, haina shaka! Walakini asubuhi aliingia shemegi yake, akafuatiwa na imamu wa mtaa, kisha jirani alipaye deni pindi karafuu zake zikishanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali. Na programu, maskini, iliyojua wateja wa namna mbili tu, wa rejareja na wa jumla, ikaandikiwa "punguzo maalumu" hata ikafika adhuhuri, na mlipaji pekee wa bei kamili akawa mgeni aliyeshuka bandarini Mkoani siku ile ile. Enyi mafundi wa programu, tuongezeeni namna ya tatu ya mteja, "mtu wetu". Ya nne hatuihitaji, kwani Pemba nzima itaenea humo.