Ngeli za Muujiza katika Kijiji cha Fuentecilla

Taaluma ya miujiza imedorora kwa sababu wataalamu wake hukimbilia kuuliza kama muujiza umetokea kweli, kabla ya kuuliza nani amelipia taa. Makala haya yanaanza na taa. Sampuli yetu ni filamu moja, *Los jueves, milagro*, yaani "Kila Alhamisi, Muujiza", ya Mhispania Luis García Berlanga, ya mwaka 1957. Atakayelalamika kwamba sampuli ni ndogo akumbuke kwamba kijiji chenyewe pia ni kidogo.

Fuentecilla ni kijiji cha kubuni chenye maji ya tiba. Zamani wagonjwa wa mjini walifurika kuja kuoga. Siku hizi hawaji. Basi wakubwa wa kijiji wanakutana kwa siri kutunga tokeo la mtakatifu litakalowarudisha: mwenye hoteli ya maji, mwenye mashamba, meya, daktari, mwalimu na kinyozi. Mtafiti aitazame vizuri orodha hiyo. Yumo wa kutawala, wa kutibu, wa kufundisha na wa kunyoa. Wa kusali hayumo, paroko hakuitwa.

Hapo inazaliwa ngeli ya kwanza, Muujiza wa Kamati. Dalili zake ni zile zile za kamati ya harusi: kila mjumbe ana wazo, na kila wazo lina gharama. Dalili kuu zaidi ni ratiba. Kule Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858, Bernadette alisimulia matokeo 18 ya Bikira Maria, na ni kweli kwamba la kwanza liliangukia Alhamisi. Lakini hakuna aliyekuwa amewatangazia wenye nyumba za wageni mapema. Wa Fuentecilla wanajua siku, mahali na fataki zitakazolipuka.

Ngeli ya pili ni Muujiza wa Kufanana. Mtakatifu anachaguliwa kwa kigezo ambacho wanateolojia wamekipuuza mno: nani kijijini anafanana na sanamu ya kanisani? Don José, mjumbe wa kamati, anafanana na Mtakatifu Dimas, na mjadala unafungwa. Anaigizwa na José Isbert, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ukimvika kanzu na kumwashia taa anakuwa mtakatifu mwenye wasiwasi kuliko wote niliowahi kuwaona. Na Dimas ni nani? Ni yule mnyang'anyi aliyetubu msalabani. Injili ya Luka inamtaja bila jina, na jina akalipata kwenye mapokeo ya baadaye. Kwa hiyo matapeli sita, wakiwa na mbingu nzima ya kuchagua, wameangukia kwa msimamizi wa wezi. Uteuzi wa sifa namna hii ni nadra hata serikalini.

Ya tatu, Muujiza wa Shahidi, haihitaji maneno mengi. Anatafutwa mtu ambaye kijiji kinamwona punguani, aone, aamini, akasimulie. Mauro anafanya yote matatu, na ndiye pekee katika mpango mzima asiyedanganya.

Ngumu ni ya nne. Anafika mgeni, Martino (Mmarekani Richard Basehart), anayezijua hila za kamati kama vile alihudhuria vikao vyote. Wanamdhania tapeli mwenzao, tena mwenye uzoefu. Mara wagonjwa wanaanza kupona kweli, bila bajeti wala mtu wa taa. Mwishowe inabainika kwamba Martino ndiye Dimas mwenyewe. Tuiite ngeli hii Muujiza Usioalikwa. Kamati inaipokea kwa hofu, na hofu hiyo ndiyo kitu cha kiroho zaidi wanachoonyesha katika filamu yote.

Nakiri, kama mchambuzi, kwamba nusu hii ya pili inachechemea. Kicheko kinapoa na mahubiri yanachukua usukani. Sababu inajulikana. Ilikuwa Uhispania ya Franco, na wakaguzi wa filamu waliukatakata na kuuandika upya mswada hadi Berlanga akataka padri mmoja mkaguzi atajwe miongoni mwa waandishi. Wengi huichukulia hiyo kuwa dhihaka tu. Kwa vigezo vya makala haya ni uainishaji sahihi kabisa: mtu anayeketi mezani na kupanga mapema muujiza uweje, nani auone na watazamaji watoke wanaamini nini, anaingia ngeli ya kwanza, kando ya kinyozi.