Suruali ya Moshi

Kama wewe pia ni baba wa nyumba, na umewahi kufungua mdomo mezani kabla ya kufikiri, sogea hapa tupeane pole. Mimi nilisema neno moja tu: "Mombasa."

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga bafuni, mahali pekee ninapopata nafasi ya kuwaza. Tungepandia treni pale Athi River, ile ya kusimama-simama, nauli isiyozidi 1,500 kwa mtu mzima baada ya kupandishwa Januari 2024, mtoto nusu. Tungeshuka Miritini, tungekanyaga maji ya bahari, tungekula viazi karai, tungerudi. Likizo imekwisha, na karo ya Januari haijaguswa.

Mke wangu akaweka mwiko chini. Humu ndani ninamwita Stesheni Masta, kwa kuwa hakuna kinachoingia wala kutoka nyumba hii kabla hajainua mkono. "Mombasa tumeenda mara ngapi, Baba Watoto? Wale wa geti la kijani wameenda Dubai. Mwaka huu na sisi tunatoka nje ya nchi. Kwa treni. Miji mitatu, na kila mji tuwe na matembezi ya kutwa, kutoka asubuhi kurudi jioni."

Nje ya nchi! Mimi niliyelipia lori la maji mara mbili mwezi huo. Kwa asiyeijua Kitengela yetu: maji ya kisima yana chumvi hadi birika limeota gamba jeupe kwa ndani, nene kuliko ganda la yai la bata, na ukijaribu kulibandua Stesheni Masta anakuja juu, eti ndilo linalozuia birika kuvuja. Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kushinda hata lile gamba. Ningeshinda hili la treni?

Aliyenimaliza ni shemeji yangu, Konsalta. Alikuja mwaka 2021 kukaa wiki mbili akitafuta kazi, na bado anaitafuta, hasa kwenye sufuria. "Tanzania," akasema huku akijiongezea ugali. "Ni nje ya nchi, na ni barabara yetu hii hii." Kweli. Lami inayopita pale stegi ndiyo inayokwenda Namanga, na Namanga yenyewe bado ni Kajiado. Ukivuka tu, uko ng'ambo. Nikaona nimepata ng'ambo isiyo na ndege, nikakubali upesi. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Kesho yake sebuleni kulikuwa na karatasi ya manila ukutani, palipokuwa na picha ya harusi yetu. Picha iko nyuma ya kochi mpaka leo. Kwa kalamu nene nyekundu Stesheni Masta alikuwa ameandika ratiba: basi dogo hadi Arusha, kutoka Arusha tulale ndani ya ile treni ya reli ya zamani iliyofufuliwa hadi Moshi Desemba 2019, ikafika Arusha mwaka uliofuata, tuamkie Dar es Salaam. Kutoka Dar, siku moja Bagamoyo kuona magofu ya Kaole, siku nyingine Unguja kwa boti. Kisha tupande ile mpya ya umeme, tushuke Morogoro tuitazame Uluguru, halafu Dodoma.

Hiyo ya umeme ndiyo iliyowatia watoto wazimu. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na kwa kasi inaweza kugonga kilomita 160 kwa saa. Treni zake nyingine zina kichwa kilichochongwa kama penseli, ndiyo maana Watanzania wakaziita mchongoko. Yetu ya Mombasa, ambayo tulikuwa tunaringa nayo tangu 2017, bado inakunywa dizeli. Mwanangu wa mwisho, wa miaka tisa, ambaye kwa sababu zilizo wazi tunamwita Maswali, akaniuliza: "Baba, stima zikipotea kama huku kwetu, abiria wanashuka kusukuma?" Nikamwambia amuulize Konsalta. Konsalta akasema inategemea.

Dada yake, Meneja, ana miaka kumi na sita na simu nzuri kuliko ya baba yake. Yeye alipewa kazi ya kupiga simu Dar kuuliza nyakati. Sasa watoto wa Kitengela wanajua Kiswahili, lakini saa wanaisoma kama ilivyoandikwa kwenye simu. Mama wa nyumba ya wageni alimwambia boti ya kwanza ya Unguja inaondoka saa moja asubuhi. Meneja akaandika 1:00. Kwa siku nne familia nzima ilikuwa imepangiwa kuabiri bahari ya Hindi usiku wa manane, na hakuna aliyeshtuka. Konsalta hata alitoa sababu: usiku bahari hutulia. Mimi niliona, lakini nilinyamaza. Nilidhani labda mpango wote ungezama wenyewe.

Jumamosi tukashuka Kajiado mjini kumwarifu baba mkwe. Huwezi kumvusha mpaka binti wa mtu pamoja na wajukuu kimyakimya. Watoto wakainamisha vichwa, akawagusa, akasema tusikae. Anataka kutuonyesha kitu.

Baba mkwe, ambaye nyuma ya mgongo wake ni Mzee Gadi, alikuwa gadi wa reli. Amestaafu zamani, lakini hakuna aliyeiambia miguu yake: bado anatembea kama mtu anayekagua mabehewa. Akatupeleka kwenye ile reli nyembamba inayotoka Konza kupitia Kajiado kwenda Magadi. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama katikati ya vyuma wakitafuna mfuko wa plastiki. Mzee akawafukuza, akalaza fimbo yake kukingama reli. Ndipo nikaona fimbo ina alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Ya kwanza ikakaa juu ya chuma sawasawa.

"Mita moja," akasema. "Hii, na ile ya Arusha. Hii ya pili ni TAZARA, ile ya kwenda Zambia, milimita 1,067. Ya tatu ni ya Wachina wetu na ya umeme wao, 1,435. Nchi moja ina reli tatu, na behewa la hii haliwezi kukanyaga ile. Mnakwenda huko hamjui hata mnapanda nini."

Kisha akauliza treni yetu inapita Moshi? Inapita. Akakaa juu ya taruma, akatusimulia jambo ambalo hata mke wangu hakuwahi kulisikia.

Mwishoni mwa mwaka 1976, akiwa kijana, alifika Moshi na treni ya mizigo kwa njia ya Voi, Taveta na Kahe. Akampa fundi mmoja kitambaa cha kijivu amshonee suruali ya harusi. Akalipa nusu, akaambiwa arudi Februari. Februari 1977 mpaka ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, mali za reli zikabaki zilipokutwa, na suruali ikabaki Moshi. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, Mzee Gadi alikuwa na watoto watatu na kiuno kingine. Alioa na suruali ya kuazima, fupi, na mama mkwe hajaacha kumkumbusha kila wanapokosana.

"Risiti ninayo," akasema.

"Babu, na kama fundi amekufa?" Maswali akauliza.

Hata mbuzi waliacha kutafuna. Mzee akafikiri. "Atakuwa ameacha mtoto."

Basi tukawa wasafiri sita, na Moshi ikaingia kwenye manila kama mji wa nne, matembezi ya kutwa kwa fundi. Mzee alitaka pia tuache Namanga, tuifuate njia ya Voi na Taveta kwa sababu ndiyo reli ilikopita. Yeye na binti yake walibishana tangu chai ya saa kumi hadi giza. Akashindwa. Kwa kanuni za reli, gadi haondoi treni stesheni masta asipotaka.

Za makaratasi nisikuchoshe. Sindano ya homa ya manjano ni lazima upigwe siku kumi kabla ya kuvuka. Konsalta alipigwa, akalala siku mbili akinyweshwa supu. Pasipoti za watoto nilizihangaikia mimi, faili kwapani, nikiwakemea kwenye foleni: "Mambo ya safari ni maandalizi!" Nilisema hivyo mara nyingi. Naomba ukumbuke hilo.

Siku tisa kabla ya safari, Mzee Gadi akaja kulala kwetu na mkoba wake wa ngozi. Baada ya chakula Stesheni Masta akafuta meza, akataka nyaraka zote. Akazipanga kama karata. Akafika kwangu. Nikaenda chumbani, nikafungua bati la biskuti ambalo halijawahi kuwa na biskuti, nikaitoa pasipoti yangu kati ya nyuzi na vifungo. Safi, jalada gumu, haina muhuri hata mmoja.

Akaifungua. Akaisogeza chini ya taa.

"Hii ni ya 2012."

"Ndiyo. Nimeitunza."

"Ilikufa 2022."

Meneja akacheka kwanza, halafu wote. Maswali akauliza kama pasipoti ikifa inazikwa wapi. Mzee Gadi hakucheka, ni mkwe wangu na ana heshima zake. Alitoa tu leso, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na shilingi kumi na tano za kumlipa fundi, na karatasi iliyokunjwa mara nane, wino wake wa zambarau umefifia. Binti yake akaisoma polepole, mbele na nyuma.

"Hii bado ni halali," akasema, akaiweka juu ya pasipoti za wenzangu. Yangu akairudisha kwenye bati. "Wewe utatusindikiza mpaka Namanga, halafu urudi. Lori la maji linakuja Jumanne."

Mzee akaingiza mkono mkobani, akatoa bendera ya kijani iliyochujuka pembeni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Basi likijaa ndipo uipeperushe," akaniambia. "Usiharakishe."

"Na filimbi, Baba?"

"Filimbi ni ya Maswali."