Mjomba Mjamzito

Ujumbe uliingia mjomba akiwa sokoni Manyovu, wilayani Buhigwe, debe la maharage mbele yake na mnunuzi hajamaliza kuhesabu hela. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, akampa simu kijana wa bodaboda amsomee. Kijana akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: hongera, mimba yako sasa ina miezi saba, epuka kubeba vitu vizito, na ukivimba uso wahi kituo cha afya. Wauzaji wa jirani wakaacha kupima.

“Basi debe hili nani atanibebea?” akauliza mjomba.

Mimba ilikuwa ya mpwa wake. Laini ndiyo ilikuwa ya mjomba. Tangu Mei 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kwa mtu wa mpakani mwa Burundi kuipata namba hiyo si kazi ya asubuhi moja. Ataulizwa mpaka babu yake alizikwa wapi. Aliyebahatika kuipata huwasajilia na wenzake. Kwa hiyo Buhigwe, kama ilivyo Kasulu na Kibondo, simu moja inaweza kuwa mali ya ukoo, na siri zake pia.

Kumfuata mgonjwa hadi kwenye simu yake si jambo geni Tanzania. Novemba 2012 Wizara ya Afya na wadau wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, na ushauri ulimjia kulingana na umri wa mimba. Hakukuwa na nywila wala barua pepe. Marekani wamekwenda mbali zaidi. Kwa kanuni zilizoanza Aprili 2021, majibu ya maabara yanaweza kumfikia mgonjwa kwenye tovuti kabla daktari hajayaona. Mtu anasoma maneno ya Kilatini saa tano za usiku, peke yake, halafu analala macho. Mjomba angalau alikuwa na kijana wa bodaboda.

Saa nazo zina vituko vyake. Tuseme mama wa Munanila, hukohuko Buhigwe, anakumbushwa kwa ujumbe kuwa mtoto apelekwe kwenye chanjo saa 08:00. Kwa Mswahili yeyote aliyekula chakula cha mchana, hiyo ni saa nane. Tatizo halijaisha: karibu na mpaka simu hudaka mtandao wa Burundi, na Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo simu nayo hujirudisha nyuma bila kuaga. Mama anafika zahanati saa nane kamili ya simu yake, ambayo kwa muuguzi ni saa tisa alasiri. Muuguzi ameshafunga. Wala si ukorofi wake: chupa ya chanjo ya surua ikishachanganywa hutupwa zikipita saa sita tangu hapo, ndiyo sababu watoto hukusanywa asubuhi, wote pamoja. Mwenye kuandika jumbe hizi angeandika tu “saa mbili asubuhi”, kwa maneno, akaokoa safari ya kilima kizima.

Kumbukumbu za mgonjwa mwenyewe ziko kwenye daftari la shule lililonunuliwa dukani mkabala na zahanati. Ukurasa wa kwanza: kipimo cha malaria na dozi ya mseto. Wa tano: 7 × 8 = 54, kazi ya mtoto wa darasa la tatu aliyeishiwa karatasi. Wa sita: presha, 150/90. Mganga mwenye subira husahihisha hesabu kwanza, ndipo anaandika dawa. Daftari hilo halihitaji chaji, ila yeyote nyumbani anaweza kulifungua, na hapo halina tofauti na simu ya mjomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sokoni Manyovu bado watu wanaulizia mtoto wa mjomba atazaliwa lini.

Labda ndiyo maana serikali haikutegemea simu peke yake. Januari 2024 Dk. Philip Mpango, Makamu wa Rais wakati huo na mbunge wa zamani wa Buhigwe, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa watu 137,294 katika miaka mitano. Mhudumu wa kijijini anajua simu ni ya nani, na mjamzito ni nani.

Wewe unayesajili wajawazito, kabla hujaandika namba uliza simu inalala kwa nani. Na uchungu ukizidi usiku na gari hakuna, mtu apige 115, namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito: haitozwi, na anayepokea hataki nywila.