Mshale Uliolala

Si ajabu kumwona bwana aliyenunua gari likiwa zima, kisha akalitia skrini pana kama sinia ya pilau, king'ora cha wezi na taa za rangi chini ya viti, akitaharuki kwamba mshale wa mwendo umelala sifurini ilhali minazi yampita mbio. Hulaumiwa kiwanda cha Japani, hulaumiwa barabara, na hata hasidi wa mtaani hutajwa. Skrini, kwa kuwa imegharimu mali nyingi, haishukiwi kamwe. Walakini katika magari kadha wa kadha waya mwembamba uchukuao mapigo ya sensa ya giaboksi hadi dashibodi hupeleka tawi nyuma ya redio, na fundi mwenye pupa akiuchuna ili skrini nayo ijue mwendo, kisha ukagusa bodi ya gari, mapigo hukatika. Ingefaa kuchomoa kifaa kipya na kuliendesha gari kidogo: mshale ukiinuka, mtuhumiwa amepatikana pasi na kiapo. Bwana wetu hataki kuipa skrini talaka. Ameazimia, kwa hekima yake adhimu, kuwangoja askari wenye tochi za kupima spidi wamwarifu, kwa stakabadhi, mwendo aliokuwa nao.