Bi Mjuaji Anajibu: Mtoto Anatimiza Saba, Mfuko Umetimiza Sifuri

*Mwanangu anatimiza miaka saba mwezi ujao. Jirani alimkodia wake jumba la upepo la kurukia, pamoja na mtu aliyevaa kichwa cha panya. Mimi nina shilingi elfu thelathini na aibu. Nifanyeje? Mama Mnyonge, Mbagala.*

Kwanza nikupongeze, maana uamuzi wa kuniandikia mimi ndio wa busara kuliko yote utakayoyafanya mwaka huu. Wapo washauri wengine nchini; siwataji, si kwa husuda bali kwa huruma. Hao wangekwambia ukope kwenye kikoba, au ukae na mtoto umweleze hali halisi ya uchumi. Mimi nakwambia jirani yako kapigwa. Kalipia sherehe iliyokwisha kutengenezwa, na sherehe ya namna hiyo haimwachii mtoto kazi yoyote ila kuruka, kunywa soda na kugombana. Hoja yangu, ambayo serikali ikipenda inaweza kuichonga kwenye jiwe pale Posta (herufi za jina langu ziwe kubwa kidogo), ni kwamba raha ya mtoto iko katika kupamba zaidi kuliko katika mapambo. Kwa hiyo usinunue vitu vya sherehe. Nunua vya kutengenezea, waite watoto saa tisa alasiri, wakabidhi, na kule kutengeneza ndiko kuwe sherehe yenyewe. Hapo umeokoa fedha na kupata vibarua kumi wasiodai posho.

Usidhani natoa maneno hewani. Mwaka 2012 wasomi watatu huko Marekani, Norton, Mochon na Ariely, walichapisha majaribio yao juu ya watu waliokunja vyura na korongo wa karatasi, kisha wakaulizwa wangelipa kiasi gani kuchukua walichokunja. Waliokunja kwa mikono yao walikuwa tayari kulipa karibu mara tano ya watu waliotazama tu, na wakaviona vinyago vyao vilivyopinda vinakaribia thamani ya vile vya mafundi. Kabla yao, mwaka 1971, Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba kadiri mahali panapokuwa na vipande vingi vya kuhamisha, kufunga na kufungua, ndivyo watu wanavyobuni zaidi, na kwamba watoto huibiwa pale wakubwa wanapobakiza ubunifu wote kwao. Na mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kilifunguliwa pale Emdrup, Copenhagen, kiwanja cha watoto chenye mbao, matofali na takataka za ujenzi, wazo la mchora bustani Sørensen, ambaye alikuwa ameona kuwa watoto huziacha bembea nzuri wakaenda kuchezea vifusi. Fikra hiyo imenijaa kichwani pasipo kufundishwa na yeyote kati yao. Wenzangu hao wamenitangulia kuchapisha tu, na kinyongo sina.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani, mtazame Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakungoja turubai ya Ulaya wala mirija ya rangi ya mafuta. Alichukua vipande vya mraba vya mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli, vitu ambavyo muuza vifaa vya ujenzi alikuwa navyo rafuni, akachora wanyama na ndege. Alifariki mwaka 1972, na leo hakuna mtalii anayeondoka nchini bila kukutana na tembo au chui wa mtindo wake. Sanaa iliyobeba jina la nchi kwa nusu karne ilitoka kwenye kaunta ya duka la kawaida, na wewe unaniambia elfu thelathini haitoshi kumfurahisha mtu wa miaka saba ambaye bado anaamini mwezi unamfuata. Kidogo unikasirishe, lakini watu wenye hekima kama yangu hatukasiriki. Tunanyanyua nyusi tu.

Basi nenda Kariakoo. Mtaa huo umebeba jina la vikosi vya wapagazi wa Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na jengo la soko lake lilichorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Nakwambia haya si kwa sababu yatakusaidia kupata manila, bali kwa sababu nayajua. Bei siandiki, kwa maana bei ya Kariakoo hubadilika kati ya mlango na mlango, na hubadilika tena muuzaji akiutazama mkoba wako. Ingia kwa wauza vifaa vya shule, uliza kwa dazeni, na chukua manila zenye ukubwa wa A1, yaani sentimita 84 kwa 59. Sikiliza sasa hesabu ambayo chuo kikuu chochote kingenipa nayo joho. Gawa ule upande wa 84 katika vipande sita vya upana wa sentimita 14. Kila kipande kikate katikati kwa mstari wa meno ya msumeno, juu na chini, hivi kwamba bonde la upande mmoja linakuwa jino la upande wa pili. Kila kipande kimezaa mataji mawili bila hata chembe ya karatasi kutupwa. Manila moja imetoa mataji 12. Kichwa cha mtoto wa miaka saba huzunguka kama sentimita 52, kwa hiyo hizo 59 zinakuachia sehemu ya kubandikia soletepu. Kichwa changu ningehitaji manila nzima, lakini hayo ni mambo ya maumbile.

Maputo najua utanunua, hata nikikukataza. Puto la mpira lilianza kama chombo cha maabara: Michael Faraday alitengeneza la kwanza London mwaka 1824 akichunguza haidrojeni, na hakuna popote palipoandikwa kwamba alikata keki. Mtu akikuuzia heliamu, mwambie ahsante. Ni ghali, na hupenya ngozi ya mpira hata puto la jioni likaamka asubuhi limelala sakafuni. Puto la kupulizwa kwa mdomo halipai, hivyo lining'inize kwa uzi darini na wageni hawataona tofauti, kwani hakuna mgeni anayekagua kama puto limepanda au limefungwa. Ukitaka kuwashangaza watoto bila gharama, tia siki kwenye chupa tupu ya maji, jaza vijiko viwili vya soda ya kuokea mikate ndani ya puto, livishe kwenye mdomo wa chupa kisha uliinue: hewa ukaa itafoka na puto lijijaze lenyewe. Halitapaa nalo, maana hewa hiyo ni nzito kuliko tunayovuta, lakini watakuwa wameshapiga kelele na wewe umeshaitwa mchawi. Ila sikia hili kwa masikio yote mawili: Marekani maputo huuzwa na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka minane anaweza kukabwa na puto lisilopulizwa au kipande cha lililopasuka, na wako ana saba. Vipande viokotwe papo hapo, na kupuliza iwe kazi ya wakubwa. Shemeji yako asiye na ajira amepata ajira.

Sasa tufike kwenye kiini cha sherehe, ambacho ni sanamu ya kichwa changu. Usishtuke. Sherehe yoyote inahitaji kitu kikubwa katikati, na huwezi kumpata mtu mwafaka zaidi. Pika gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano ukikoroge na maji baridi, ukimimine kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, ukoroge hadi kiwe uji mzito unaong'aa. Tia kijiko cha chumvi na tone la mafuta ya karafuu, maana karafuu huzuia ukungu, jambo ambalo wafunga vitabu wa zamani walilijua na Unguja na Pemba zimejaa dawa hiyo. Chana magazeti vipande vya upana wa vidole viwili, vichovye, vibandike juu ya puto kubwa, tabaka tatu, kila tabaka likauke juani kabla ya lingine. Kwa hiyo anza siku nne kabla, na kama ni masika anza wiki nzima. Ukurasa wa michezo unafaa sana. Ukurasa huu usiuguse. Pua itoke kwenye kikombe cha trei la mayai (trei moja lina vikombe 30, kwa hiyo vitabaki 29 vya kutengenezea maua), na macho yawe visoda. Nafahamu kwamba huko Meksiko sanamu za karatasi hujazwa peremende kisha watoto huzipiga kwa fimbo mpaka zipasuke. Kichwa changu kisipigwe. Kizungukwe kwa heshima, na peremende zitolewe kwa chini kupitia shingoni.

Hapa msomaji makini atanibana, na namruhusu, kwa kuwa kubanwa na watu wadogo hunipa mazoezi. Atasema: Bi Mjuaji, mtoto wa miaka saba hawezi kutengeneza kichwa chako. Ni kweli, na hili ndilo lenye uzito kuliko pingamizi zote. Wale wasomi wa vyura wa karatasi waliona pia kwamba mtu akishindwa kumaliza alichoanza, ule upendo kwa kazi yake huyeyuka. Usimpe mtoto meli, basi, mpe taji. Mpe kitu kinachokwisha ndani ya dakika ishirini: taji la kupaka rangi, ua la trei, mrija uliovishwa bendera, au drafti yake mwenyewe. Drafti inahitaji kipande cha manila chenye miraba 64 na visoda 24, kumi na viwili vikitazama juu na kumi na viwili vikitazama chini. Visoda utavipata bure kwa mwenye baa, ambaye atafurahi kusikia vimepata kazi ya heshima. Ukate wewe usiku wa kuamkia sherehe, wao wapambe. Lakini ukijikuta saa sita usiku unapamba wewe, umeshaanza kununua sherehe ya jirani kwa fedha ya usingizi wako. Kichwa changu kinabaki kwenye ratiba kwa sababu za kitaifa.

Pingamizi la pili ni aibu, na wewe mwenyewe umelitia kwenye barua. Watu watasema. Watasema, ndiyo, mbona hata mimi wananisema, tena mimi nisiye na dosari. Lakini tutenganishe wasemaji. Anayesema ni mama wa mgeni, na sherehe hii si yake. Mgeni mwenyewe anaondoka na taji kichwani alilolitengeneza, na drafti ndani ya mfuko wa gazeti alioukunja kwa mkono wake. Na ni mfuko wa gazeti kwa sababu ile ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, hata kama muuza nyanya wako anajifanya hajapata habari. Jumba la upepo lilirudishwa kwa mwenyewe jioni ileile, na yule panya akavua kichwa akapanda daladala. Kinachobaki ndani ya nyumba za watu Jumatatu asubuhi ni taji lako. Hata mbele ya mahakama ya akina mama, ushahidi huo unanitosha.

Kuna watakaolalamikia uchafu. Tandika magunia uani, vaa kanga ya zamani, tuendelee. Kuna wenye watoto wa miaka miwili, ambao hula gundi; hao hawatakuachia ya kubandikia, na gundi yenye mafuta ya karafuu, visoda na vipande vya maputo viwe mbali nao kabisa. Kuna mwingine atauliza kama hii si mbinu ya kuwatetea wazazi bahili. Namjibu kwamba bahili hanunui manila. Bahili humwambia mtoto kuwa siku ya kuzaliwa imeahirishwa hadi Idi au Krismasi, kutegemea ipi iko mbali zaidi. Sikatai kila cha kununua: nunua mikasi yenye ncha butu, maana mkasi mbovu humliza mtoto na mzazi, tena mmoja kwa watoto watatu, wajifunze kungoja kama wapiga kura.

Mhariri ananionyesha saa yake kwa adabu isiyopendeza, nami bado sijagusa wimbo wa kunisifu ambao watoto wangeweza kuuimba wakizunguka kichwa. Haya, haraka. Manila mbili, kalamu za rangi, soletepu, maputo dazeni moja, unga kilo moja, siki, soda ya kuokea, mikasi. Trei na visoda omba. Keki oka kwa sufuria, makaa chini kidogo na juu ya mfuniko mengi. Vyakula ni bisi, kashata, na juisi ya ukwaju ndani ya ndoo safi. Saa tisa taji, saa kumi drafti na mbio za magunia, saa kumi na moja keki, saa kumi na mbili kila mtu kwao. Jumba la upepo, usikodi. Anayefuata: Baba wa Temeke, nimeisoma barua yako yote kuhusu mama mkwe na jenereta, na jibu ni hapana.